Kijana wangu anatetemeka usiku kila akichomelea bomba za galvanaizi: ni moshi, ni malaria au ni nini? Na maziwa yanasaidia kweli?

#1 Fundi Geti
Wakuu, salaam. Nina karakana ndogo huku Mbagala, natengeneza mageti, grili za madirisha na vibanda vya chipsi. Vijana wanne pamoja na saidia fundi.

Wiki mbili zilizopita tulipata kazi ya uzio wa bomba za galvanaizi, zile za maji, inchi mbili. Mvua ilikuwa inanyesha, tukachomelea ndani siku nzima, mlango tumeurudishia ili mvua isiingie kwenye mashine. Kijana wangu aliondoka jioni mzima kabisa, anataniana na wenzake. Saa nne usiku mkewe ananipigia simu analia: mumewe anatetemeka, mablanketi mawili na bado meno yanagongana, kiu haiishi, anasema mdomoni ana ladha kama amelamba sarafu. Asubuhi zahanati, kipimo cha haraka, malaria hakuna. Akapewa panado. Kesho yake mzima, anataka kazi.

Jumatatu iliyofuata tukarudi kwenye kazi ile ile. Usiku tena yale yale. Ajabu ni kwamba Jumanne, Jumatano, Alhamisi amechomelea bomba hizo hizo na hakuumwa.

Mafundi wenzangu wananiambia nimpe maziwa nusu lita kabla ya kazi. Nanunua kila siku, na vijana ni wanne, wote wanataka. Nisaidieni kabla biashara haijaishia kwa muuza maziwa.

#2 Pangu Pakavu
Hiyo ni homa ya Jumatatu mkuu. Mimi nimeugua nayo miaka kumi na moja ya kuajiriwa, na sijawahi kushika mashine ya kuchomelea.

#3 Mzee wa Rodi
Ni zinki hiyo, acheni utani.

Bomba la galvanaizi ni chuma kilichovikwa zinki ili kisipate kutu. Chuma kinayeyuka kwenye nyuzi kama 1,500. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907. Yaani chuma hakijalainika, zinki imeshakuwa mvuke, na mvuke huo ukikutana na hewa unageuka moshi mweupe. Fundi Geti, nenda kwenye karakana yako sasa hivi, pitisha kidole juu ya boriti iliyo karibu na meza ya kuchomelea. Ukikuta unga mweupe, mwingine umening'inia kwenye utando wa buibui kama pamba, ujue huo huo ndio ulioingia kifuani kwa kijana.

Mtu haumwi palepale. Dalili zinakuja baada ya saa nne mpaka kumi hivi, ndiyo maana inamkuta kitandani. Baada ya siku moja au mbili inaisha yenyewe.

#4 Fundi Geti
Mzee wa Rodi, nimepitisha kidole. Nimenyamaza kwanza.

#5 Kaka Mkubwa Temeke
Naheshimu wakongwe, lakini mbona mimi nachomelea galvanaizi mwaka wa tisa na sijawahi kutetemeka hata siku moja? Hiyo ni malaria. Huyo kijana alikunywa dawa mseto nyumbani kabla ya kwenda zahanati, ndiyo maana kipimo kikasoma hakuna. Watu wetu wanajitibu halafu wanakwenda kupima.

#6 Fundi Geti
Kaka Mkubwa, nimemuuliza mkewe. Kweli alimeza vidonge viwili vilivyobaki vya mtoto usiku ule ule.

#7 Kaka Mkubwa Temeke
Si nilisema! Uzi ufungwe.

#8 Maabara Kwanza
Usifungwe. Niko maabara, naomba nisahihishe #5. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inabaki kwenye damu hata wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona. Tatizo tunaloliona mara nyingi ni la upande wa pili: mtu amepona na kipimo bado kinasema anayo. Vidonge viwili vya usiku haviwezi kukifanya kipimo kisome hakuna asubuhi yake.

Kinachoweza kutokea ni vimelea kuwa wachache mno kipimo kisiwaone. Kwa hiyo malaria siifuti moja kwa moja. Angepimwa tena, na kwa darubini.

Na vidonge vya mtoto kwa mtu mzima, tafadhali.

#9 Pangu Pakavu
Fundi Geti, kwa hiyo kijana wako ana malaria isiyoonekana inayofuata kalenda ya kazi, Jumamosi na Jumapili inapumzika. Hata vimelea siku hizi vina chama cha wafanyakazi.

#10 Mzee wa Rodi
Pangu Pakavu umetania, lakini kwenye #2 umegonga penyewe bila kujua. Ugonjwa huu wazungu wa viwandani waliuita hivyo hivyo, homa ya Jumatatu. Mwili ukivuta zinki kila siku unazoea kwa muda. Ukipumzika siku mbili, mazoea yanapotea, Jumatatu unaanza upya. Linganisha na maelezo ya #1: Jumatatu ameumwa, Jumanne mpaka Alhamisi hana kitu. Na ndilo jibu la Kaka Mkubwa pia, anayechomelea kila siku bila kupumzika.

#11 Kaka Mkubwa Temeke
Jumapili huwa napumzika mzee wangu, naenda kanisani.

#12 Mzee wa Rodi
Basi unachomelea nje, penye upepo.

#13 Kaka Mkubwa Temeke
Hapo sina la kusema. Niko chini ya mwembe.

#14 Muuguzi Mstaafu
Wanangu hamjambo. Mnazungumza kwa raha kama vile kila homa ya moshi ni ya kulala na kuamka. Ya zinki ndiyo, mara nyingi hupita. Lakini fundi hajui kila mara anachomelea nini, hasa wa chuma chakavu. Kuna vipuri na boliti za zamani zilizopakwa kadimiamu, na kwa macho huwezi kuitofautisha na zinki. Moshi wake huanza vivyo hivyo, homa na baridi, mtu anasema ni kawaida, halafu siku ya pili pumzi inabana, mapafu yanajaa maji, na wapo wanaokufa.

Kwa hiyo alama yangu ni moja: homa ya usiku ikigeuka kuwa kifua kubana au pumzi fupi, msingoje asubuhi wala maziwa. Hospitali, na mwambieni daktari amechomelea nini. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, ni nadra mgonjwa kusema, na ni nadra sisi kuuliza. Tunaandika malaria kali, tunaendelea.

#15 Chuma Chakavu
Swali kwa Fundi Geti: bomba mlizifuta na nini kabla ya kuchomelea? Zikiwa mpya zinakuja na mafuta.

#16 Fundi Geti
Kijana alizifuta na ile dawa ya kopo ya kusafishia breki, tulipewa na fundi magari jirani.

#17 Chuma Chakavu
Basi mimi nasema huenda si zinki peke yake. Baadhi ya makopo hayo yana klorini ndani. Ikibaki kwenye chuma halafu ukawasha, joto na ule mwanga vinaweza kuigeuza fosijeni, gesi iliyoua askari vita kuu ya kwanza. Nayo madhara yake huweza kuchelewa, unaweza kuvuta mchana ukazidiwa usiku. Soma maandishi ya kopo. Ukiona neno lolote lenye "kloro", liweke mbali kabisa na kazi ya moto. Mafuta yafute kwa maji na sabuni, kausha.

#18 Mzee wa Rodi
Fosijeni haileti ladha ya sarafu na kutetemeka kisha mtu akaamka kudai kazi. Ingekuwa hiyo tungekuwa tunaandika pole kwa familia. Ila ushauri wa kopo ni sahihi asilimia mia.

#19 Bint Gerezani
Nyote mmekimbia swali la maziwa. Babangu ni fundi chuma mtaa wa Gerezani hapa Dar, sisi tumekua tukijua kuwa maziwa ya fundi hayaguswi. Mama alikuwa anatuchapa. Leo niambieni yalikuwa bure?

#20 Muuguzi Mstaafu
Maziwa yanakwenda tumboni binti yangu. Moshi unakwenda kwenye mapafu. Hizo ni njia mbili. Mtu akinywa atapata chakula, maana fundi wengi wanafanya kazi na chai ya rangi mpaka saa nane. Hilo silikatai. Lakini kuosha kifua, hapana.

#21 Saidia Fundi Milele
Mimi nimefanya kazi kiwanda kimoja, sikitaji. Kila siku saa nne pakiti ya maziwa, unasaini kwenye daftari. Feni ya kuvuta moshi ilikuwa imeharibika tangu sijaajiriwa. Tulipoidai tukaambiwa "si mnapewa maziwa?" Siku maziwa yalipochelewa tuligoma. Kwa ajili ya feni hatukuwahi kugoma.

#22 Bint Gerezani
#21 umeniumiza. Babangu anakohoa mpaka leo.

#23 Kaka Mkubwa Temeke
Lakini maziwa yana kazi. Macho yakipigwa na mwanga, matone ya maziwa ya mama anyonyeshaye, asubuhi umepona. Nimejaribu.

#24 Pangu Pakavu
Ulimwombaje jirani? Simulia polepole.

#25 Maabara Kwanza
Macho ya fundi huwa yanapona asubuhi au kesho yake hata usipoweka kitu. Ule mwanga unaunguza ngozi ya juu ya jicho kama jua linavyounguza mgongo, ndiyo maana unasikia mchanga machoni baada ya saa kadhaa. Ngozi hiyo inajirudisha yenyewe. Kwa hiyo anayeweka maziwa anasifu maziwa, anayeweka kipande cha kiazi anasifu kiazi. Maziwa ya mtu si dawa safi ya jicho, unaweza kuongeza ugonjwa juu ya jeraha.

Na miwani ya jua ya machinga si kioo cha kuchomelea. Kioo kiwe namba 10 au 11 kwa kazi za kawaida za rodi.

#26 Mama Ntilie wa Kona
Samahani naingilia. Mimi nauza chakula pembeni ya karakana kama yenu. Mnaongea ya fundi, je sisi? Watoto wakitoka shule wanasimama kutazama ule mwanga, usiku wanalia macho. Grenda ikiwashwa cheche zinakuja mpaka kwenye meza yangu, juzi mteja amekuta kijichuma kwenye maharage. Nikisema naambiwa nihame. Nilikuwepo kabla yao.

#27 Fundi Geti
Dada pole. Kwangu nimeweka turubai upande wa barabara. Kusema kweli niliweka kwa ajili ya jua, ila linazuia.

#28 Mzee wa Rodi
Turubai la plastiki linashika moto kwa cheche, Fundi Geti. Weka bati.

#29 Jua Kali Kamukunji
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu moshi ni kitu kidogo, sisi tunaharibika masikio. Ingia Kamukunji saa nne asubuhi, watu mamia wanagonga mabati kutengeneza masanduku na majiko. Mzee wangu simu huwa anaangalia ikiwaka, hasikii ikilia. Sheria tunayo tangu 2007, ya usalama kazini na ile ya WIBA ya fidia, zote mwaka mmoja. Lakini mkaguzi akija huku jua kali, kwenye karakana zetu za wazi, ataanzia wapi, kila mtu ni bosi wa nyundo yake.

Na wanaosema madini ya moshi ni hadithi, waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kidogo tu cha kuyeyusha betri kuukuu, madini ya risasi yakaingia kwenye damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikaendelea kuzunguka kwenye rufaa miaka mingine. Hao hawakuwa hata wafanyakazi, walikuwa majirani. Mama Ntilie hayuko nje ya mada.

#30 Mtu wa Fomu
Kwa upande wa Tanzania: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni Na. 5 ya 2003, na inasema vifaa vya kujikinga ananunua mwajiri. Hamkati kijana mshahara kwa ajili ya glavu. Karakana ya watu wanne nayo ni mahali pa kazi, inatakiwa kusajiliwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Pia kuna mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, mwajiri anachangia asilimia 1 ya mshahara.

#31 Mhasibu wa Mtaani
Asilimia 1 ni ya zamani, ndivyo ilivyokuwa kwa sekta binafsi mwanzoni. Ilishushwa 0.6 mwaka 2021, kisha ikawa 0.5. Kwa kijana wa laki tatu ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Hayo maziwa ya nusu lita yanapita hapo kabla ya wiki kuisha.

#32 Kaka Mkubwa Temeke
Mkisajili tu mnakaribisha wakaguzi. Leo OSHA, kesho NEMC, wale wa mazingira, kwa kelele, keshokutwa zimamoto, na mtendaji wa mtaa naye ana lake. Mimi vijana wangu ni wa deiwaka, sina mfanyakazi.

#33 Mhasibu wa Mtaani
Siku deiwaka wako akikatwa vidole na grenda utamwambia hakimu huna mfanyakazi?

#34 Saidia Fundi Milele
Grenda hiyo hiyo. Wangapi hapa grenda zao zina kava? Semeni ukweli.

#35 Kaka Mkubwa Temeke
Kava linazuia kufika kwenye kona.

#36 Saidia Fundi Milele
Nilijua.

#37 Chuma Chakavu
Mkiwa mnahesabu hatari, moshi kwangu si wa kwanza. La kwanza ni pipa. Jirani yangu aliletewa pipa la mafuta "tupu" alikate liwe jiko la kuchomea nyama. Lilikuwa tupu kweli, lakini mvuke ulibaki. Kifuniko kilipatikana juu ya paa la nyumba ya tatu. Yeye alipoteza jicho na mkono haukunjuki vizuri. Tangu siku ile mimi pipa au tanki la bodaboda silishiki mpaka limeoshwa na kujazwa maji, nikiacha nafasi ndogo tu ya pale ninapochomea, na mdomo uwe wazi. Bodaboda wananiona mwoga, wanakwenda kwa mwingine. Waende.

#38 Mzee wa Rodi
Hilo halina ubishi.

Nirudi kwa mwenye uzi maana tumekwenda mpaka Mombasa. Fundi Geti, fanya hivi. Toa zinki kwa grenda sentimita tano kila upande wa kiungo, mpaka uone chuma kinang'aa rangi nyingine. Fungua mlango, feni iwekwe pembeni ivute moshi kupita kando ya fundi, isimpulizie usoni. Na kubwa kuliko yote, kijana asiinamie moshi. Mtazame anavyokaa: vijana wetu wanachuchumaa, bomba liko chini, kichwa kiko juu yake, moshi unapanda moja kwa moja ndani ya kioo. Inua kazi juu ya meza, akae ubavuni. Ukimaliza, paka rangi ya zinki pale ulipokwangua, la sivyo mteja atarudi na kutu.

#39 Pangu Pakavu
Kukwangua kwa grenda si ni vumbi lile lile la zinki? Mnamtoa kwenye moshi mnamtia kwenye vumbi.

#40 Maabara Kwanza
Swali zuri kwa mara ya kwanza. Vumbi la grenda lina chembe kubwa, nyingi zinanaswa puani na kooni. Moshi unatokana na mvuke, chembe zake ni ndogo mno, zinafika chini kabisa ya pafu. Avae barakoa kote kuwili, lakini iwe N95 au zaidi. Zile za bluu zilizobaki tangu korona, na kitambaa cha kanga, hazizuii moshi huo. Hata N95 haizuii gesi.

#41 Muuguzi Mstaafu
Niongeze moja halafu nikalale. Msimalize habari kwenye homa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikaa mwaka 2017 likaweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi wote, si wa galvanaizi tu. Wanaochomelea stenlesi wanavuta na kromiamu zaidi ya hapo. Kaka Mkubwa, hutetemeki, lakini unavuta. Bint Gerezani, mpeleke baba akapige picha ya kifua.

#42 Bint Gerezani
Asante mama. Jumatano nampeleka, akikubali.

#43 Mpita Njia
Mimi nadhani kijana ni njaa na maji. Mtu hajala, anakaa kwenye joto siku nzima na koti zito, jioni upepo wa bahari unampiga. Lazima atetemeke. Sisi Tanga tunaita baridi ya bahari.

#44 Mzee wa Rodi
Na sarafu mdomoni?

#45 Mpita Njia
Njaa ina ladha nyingi, mzee.

#46 Fundi Geti
Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa.

Kopo la breki nimelisoma, lina hilo neno. Nimemrudishia jirani. Meza nimeinua kwa matofali. Feni ni ile ya nyumbani, mke wangu hajafurahi. Kukwangua kunakula muda, kiungo kimoja dakika nne na diski zinaisha haraka, mteja wa uzio nimemwongezea bei na amenuna.

Jumatatu hii kijana alichomelea na hakutetemeka. Ila mkweli niwe mkweli: siku hiyo mvua ilikatika, tulifanya nje, na alikuwa ameshakula ubwabwa na kunywa maziwa yake. Pia alipimwa kwa darubini wiki iliyopita, malaria hakuna. Kwa hiyo sijui nimshukuru nani.

Maziwa nilisimamisha Jumanne. Vijana wamegoma nusu siku. Nimeyarudisha.

#47 Mzee wa Rodi
Zinki.

#48 Chuma Chakavu
Kopo.

#49 Mpita Njia
Ubwabwa.

#50 Mama Ntilie wa Kona
Ubwabwa kanunua wapi?

#51 Fundi Geti
Kwa jirani yangu hapa, anakaa upande wa pili wa turubai. Nimeshalibadilisha, sasa ni bati.

#52 Pangu Pakavu
Fundi Geti, geti la mita tatu, chuma cheusi, bila galvanaizi, bila maziwa, ni shilingi ngapi? Niandikie pembeni.